Mwanao anaona wimbi, wewe uone mkondo

Mama aliweka masharti yake kabla mtoto hajapanda gari Kibiti mjini. "Ukifika kwa bibi, bahari uione kwa macho tu. Nikisikia umekanyaga maji, likizo ijayo hutoki hapa."

"Sawa, mama," mtoto aliitikia. Ana miaka 11. Mfukoni alikuwa na simu ya kaka yake, na ndani ya simu kulikuwa na video aliyoirudia wiki nzima: vijana wamesimama juu ya ubao, wimbi refu kuliko nyumba linawasukuma kwa nyuma, nao wanacheka.

Siku ya tatu kijijini, kwenye mmoja wa milango ambayo Mto Rufiji unamwagia maji yake baharini, mtoto huyo alikuwa juu ya fungu la mchanga pamoja na binamu zake. Walikuwa na kipande cha ubao kilichotoka kwenye mtumbwi mkuukuu. Alilala kifudifudi juu yake, wimbi likambeba hadi mchangani. La pili likambeba, na la tatu pia. La nne lilimwangusha mahali ambapo miguu yake haikugusa chini, na maji yalikuwa yameanza kupwa.

Binamu zake walidhani anacheza. Aliyegundua ni mjomba wake, aliyekuwa ameketi ndani ya mtumbwi akitengeneza nyavu. Aliona kichwa cha mtoto hakirudi ufukoni, kinakwenda zake baharini. Alichukua dumu tupu la lita 20, akalifunga kamba na kulirusha.

Familia hii ni ya mfano. Lakini mzazi wa Kibiti, Rufiji, Mafia au Kilwa anaweza kuijaza majina anayoyajua mwenyewe. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia msimu wa kusi, upepo unapokuwa na nguvu na bahari inapochafuka. Ndio wakati huohuo watoto wa mjini hupelekwa kwa bibi na babu, na katika vijiji vingi vya delta, uwanja wa michezo uko majini.

Raha yake ni ya kweli

Mzazi anayekataza mchezo wa mawimbi bila kuuelewa hujikuta anashindana na kitu chenye nguvu. Kuteleza juu ya mawimbi ni mchezo unaopendwa duniani kote. Uliingizwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Katika michezo ya Paris ya mwaka 2024, mashindano yake yalipelekwa Teahupo'o, kisiwani Tahiti, mbali kabisa na Ufaransa yenyewe, kwa sababu huko ndiko yaliko mawimbi. Hapa kwetu, ufukwe wa Paje, kusini mashariki mwa Unguja, hujaa wageni wanaoteleza majini wakivutwa na tiara kubwa, hasa misimu ya kusi na kaskazi.

Mtoto wa delta hana ubao wa dukani. Ana kipande cha mtumbwi, dumu au gogo la mti. Furaha yake ni ileile.

Na mwili wake unafaidika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazouchosha mwili kiasi au sana. Mtoto anayepiga makasia kwa mikono, anayesawazisha mwili juu ya ubao na kurudi tena dhidi ya maji, hupata dakika hizo bila kuhimizwa na mtu. Mikono, mgongo, miguu na mapafu vyote vinafanya kazi. Usiku analala.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, shirika la Waves for Change huwatumia walimu wa mchezo huu kuwasaidia watoto wanaoishi katika mitaa yenye vurugu na umaskini. Pamoja na mawimbi, watoto hao hufundishwa namna ya kutuliza hofu na hasira, na hupata mtu mzima wa kuwasikiliza. Mtoto aliyeanguka mara 10 akasimama mara ya 11 amejifunza jambo kuhusu nafsi yake.

Kwa hiyo mtoto aliyerudi nyumbani na chumvi kichwani na uongo mdomoni hakufuata ujinga. Alifuata raha. Kazi ya mzazi ni kujua raha hiyo inapatikana wapi, saa ngapi, na chini ya macho ya nani.

Delta si Paje

Video ile kwenye simu ilimdanganya mtoto kwa jambo moja. Ilimfundisha kwamba hatari ya bahari ni ukubwa wa wimbi. Alipofika mlangoni mwa mto na kukuta mawimbi yanayomfika kiunoni, akaona hakuna cha kuogopa.

Kisiwa cha Mafia kimekaa mbele ya delta kama ngao. Mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi hupiga kwanza upande wa mashariki wa kisiwa hicho, kwenye miamba, na yanayofika huku huwa yamepungua nguvu. Ndiyo maana maji ya delta huonekana ya upole. Nguvu yake iko chini, kwenye mkondo.

Mara mbili kwa siku bahari huingia kwenye vijito vya mikoko, na mara mbili hutoka. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kuzidi mita tatu. Maji hayo yote hupita kwenye milango michache. Yanapopwa, huungana na maji ya mto yanayoteremka kutoka bara, na yote huelekea upande mmoja: baharini. Mtu mzima anayejua kuogelea anaweza asiweze kurudi nyuma akishindana nayo.

Kisha kuna mafungu ya mchanga. Maji yakipwa, fungu huibuka na kuwa uwanja mzuri kuliko wowote wa shule. Maji yakianza kujaa, hujaza kwanza mfereji ulio kati ya fungu na kijiji. Watoto wanaotazama upande wa bahari hawauoni. Wakigeuka, njia ya kurudi imeshakuwa na kina kirefu.

Maji ya delta pia ni ya tope. Chini yake kuna mizizi ya mikoko, magogo yaliyoletwa na mafuriko, na kwenye vijito kuna mamba. Mahali palipokuwa salama mwaka jana huenda pamebadilika, kwa sababu mto huhamisha mchanga wake kila masika.

Wenyeji wanayajua haya. Mtoto wa mjini hayajui, na hata yule binamu anayemwongoza huyajua nusu.

Mfa maji hatapitapi

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa maana ya maisha, methali hiyo ni ya kweli. Kwa mtoto anayezama, inaweza kumpotosha mzazi.

Wengi hutegemea kuona mikono ikipunga na kusikia kelele za "Nisaidieni!" Mara nyingi haviji. Mtoto anayezama hutumia nguvu yote aliyonayo kupata pumzi moja zaidi. Hana hewa ya kupiga kelele. Mikono yake hukandamiza maji kwa pembeni, haiinuki kupunga. Kichwa huwa chini, mdomo uko sawa na uso wa maji, unazama na kuibuka. Mwili husimama wima kama anayepanda ngazi isiyoonekana, lakini hasogei. Macho huwa yamekodoa au yamefunikwa na nywele na maji. Anaweza kupotea chini kabla dakika moja haijaisha.

Ndiyo sababu binamu wanaocheza hatua chache tu kutoka kwake hawakugundua chochote. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele kisha akanyamaza ghafla majini ndiye wa kutazamwa kwanza.

Takwimu za WHO zinaonyesha ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa kati ya kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Tangu mwaka 2000, kiwango cha vifo hivyo kimeshuka kwa asilimia 38 duniani, lakini katika kanda ya Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 ya kila mwaka kuwa Siku ya Kuzuia Kufa Maji Duniani.

Wale wa chini ya miaka mitano hawafi kwenye mawimbi pekee. Ndoo ya kufulia, pipa lililo wazi, kisima kisicho na mfuniko na dimbwi la nyuma ya nyumba vinatosha. Mzazi anayemkataza mwanawe mkubwa kwenda baharini akaacha beseni la maji karibu na anayetambaa, amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Marufuku haifundishi kuelea

Mtoto aliyekatazwa maji kabisa ana hatari mbili. Ya kwanza, atakwenda kwa siri, kwa hiyo hakutakuwa na mtu mzima. Ya pili, siku atakayoingia majini bila kutaka, kwa sababu mtumbwi umepinduka au mto umefurika, hatajua la kufanya. Familia za Kibiti na Rufiji zinakumbuka mafuriko ya mwaka 2024, maji yalipofuata watu hadi mashambani na majumbani. Mafuriko hayaulizi nani aliruhusiwa kuogelea.

WHO inashauri watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe misingi ya kuogelea na usalama majini, na jamii zinazoishi karibu na maji zifundishwe uokoaji salama na huduma ya kwanza.

Hilo linawezekana hata pale ambapo wazazi wana shaka. Kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana na wanawake kuogelea na kujiokoa. Wengi wao walikulia hatua chache kutoka baharini bila kuwahi kujifunza. Kikwazo kimojawapo kilikuwa mavazi na heshima, nacho kikatatuliwa kwa nguo za kuogelea zinazofunika mwili wote, ili msichana ajifunze bila kwenda kinyume na dini wala mila za nyumbani kwao. Picha za wasichana hao, zilizopigwa mwaka 2016 na mpigapicha Mmarekani Anna Boyiazis, zilipata tuzo katika shindano la World Press Photo la mwaka 2018.

Wazazi wa delta wana binti pia. Wavulana hujifunza maji kwa kufuatana na baba na wajomba zao kwenye uvuvi. Binti hupanda boti ileile kwenda shule, zahanati au kwa shangazi, na huenda hajawahi kufundishwa hata kuelea.

Mjomba aliyerusha dumu hakumpiga mtoto. Siku mbili baadaye, maji yakiwa yametulia, alimpeleka sehemu yenye kina cha kiunoni.

"Leo hakuna ubao," alimwambia. "Leo unajifunza kulala."

"Kulala, mjomba?"

"Kulala chali juu ya maji. Masikio ndani, kidevu juu, tumbo juu. Mtu anayejua kulala juu ya maji ana muda wa kungoja msaada."

Kuelea chali ndilo somo la kwanza. La pili ni kupumua kwa utulivu. La tatu ni kusogea hatua chache hadi mahali pa kushika. Mtindo wa kuogelea haraka utakuja baadaye.

Somo la nne linahusu mkondo. Mtoto aambiwe hivi: ukichukuliwa, usigeuke kushindana na maji. Kama una ubao, usiuachie, kwa sababu ndilo boya lako. Elea, inua mkono mmoja uonekane, kisha kata maji kwa upande kuelekea kwenye fungu au ukingo ulio karibu, si kurudi moja kwa moja ulikotoka. Mkondo huchosha anayeupinga.

Masharti ya kumwambia mtoto, na ya kujiambia mwenyewe

Sharti la kwanza: hakuna kuingia majini bila mtu mzima anayejua kuogelea, aliyeko pale, anayetazama maji. Mtu mzima anayetazama simu hayupo. Kaka wa miaka 13 si mtu mzima.

La pili: kabla ya kwenda, ulizeni maji yako wapi. Mvuvi yeyote atawajibu kama ni bamvua au maji mafu, na saa ngapi yanageuka. Wakati salama zaidi kwa watoto ni siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mdogo. Maji yanapopwa kwa kasi kwenye mlango wa mto, watoto wakae nchi kavu.

La tatu: mkienda kwenye fungu, mtu mzima aweke alama, kama kijiti kilichochomekwa mchangani ukingoni. Maji yakikigusa, wote wanarudi.

La nne: kwenye mtumbwi au boti, ikiwamo safari ya kutoka Nyamisati kwenda vijijini au Kilindoni, mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, lililofungwa. Jaketi lililokaliwa kama kiti haliokoi mtu. La mtu mzima linaweza kumvuka mtoto kichwani anapoanguka majini.

La tano: mtoto mwenye kifafa asiachwe majini hata sekunde chache, iwe baharini au kwenye beseni la kuogea. Degedege likimkuta majini anaweza kuzama kimya.

Mambo madogo nayo yana nafasi yake. Jua la baharini huunguza hata kukiwa na mawingu. Mtoto mwenye ualbino acheze asubuhi mapema au jioni, akiwa na nguo ya mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Mtoto aburute miguu anapotembea kwenye mchanga wenye maji, ili samaki taa asikie na kuondoka. Akichomwa na mwiba wa taa, mguu ulowekwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa dakika 30 au zaidi, kisha apelekwe zahanati. Na mzazi akumbuke kwamba kichocho hakipatikani kwenye maji ya chumvi. Kiko kwenye mabwawa, mifereji na kingo za maji baridi. Mtoto anayekojoa damu baada ya likizo apelekwe kupimwa.

Akitolewa majini

Wahenga pia walisema mfa maji hukamata maji. Anayezama humshika yeyote anayemkaribia na kumzamisha naye. Kwa hiyo usijitupe. Piga kelele kuita watu. Mrushie kitu kinachoelea, kama dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mnyooshee kasia, upondo, kamba au khanga ukiwa umelala ufukoni au umeshikwa na mwenzako. Namba ya bure ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Huku vijijini, msaada wa haraka ni majirani na wavuvi walio karibu.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu na uangalie kama anapumua. Usimning'inize kichwa chini. Usimkandamize tumbo kutoa maji. Mambo hayo mawili bado hufanywa kwa nia njema, lakini hupoteza dakika alizobakiza na yanaweza kumfanya atapike, matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Kama hapumui, inua kidevu chake ili kichwa kielekee nyuma, mbane pua, funika mdomo wake kwa wako na mpulizie pumzi tano, kila moja hadi uone kifua kinanyanyuka. Kisha weka kiganja katikati ya kifua na ukandamize mara 30 kwa nguvu na haraka, kama mara mbili kila sekunde, kifua kikishuka theluthi moja ya unene wake. Pulizia mbili, kandamiza 30. Endelea hivyo hadi apumue au mhudumu wa afya afike. Povu likitoka mdomoni, usipoteze muda kulifuta, endelea.

Akipumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa na umfunike.

Hata akiinuka na kuomba chai, apelekwe kituo cha afya. Maji kidogo yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kuleta shida ya kupumua saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichoisha, kupumua haraka, usingizi usio wa kawaida au kutapika ni dalili za kurudi hospitali usiku uleule.

Simu kutoka kijijini

Mtoto alikaa na siri yake siku nne. Siku ya tano mjomba alimpa simu. "Mwambie mama yako mwenyewe. Akisikia kwa jirani, hatakuamini tena, wala mimi."

Alisema yote: fungu, ubao, wimbi la nne, dumu. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya kwa muda mrefu.

"Mpe mjomba wako simu," mama alisema hatimaye.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Yuko salama. Tulimpeleka zahanati, mapafu yamesikilizwa, hana tatizo. Sasa ninamfundisha kuelea."

Mama alishusha pumzi. Angeweza kusema arudishwe kesho kwa gari la kwanza. Aliuliza jambo lingine.

"Na mdogo wake akija Desemba, utamfundisha naye? Yeye ni wa kike."

"Mlete."

"Na kesho mtakwenda saa ngapi? Maji yatakuwa yanajaa au yanapwa?"

Kaka yake alicheka. Katika miaka yote aliyoishi mjini, hakuwahi kumsikia dada yake akiuliza swali hilo.